Maswali yanayoulizwa sana kuhusu vipimo vya umbali: futi, maili, mita, hatua na vituko vyake

Haya ni maswali ambayo watu wanauliza kila siku, madukani, site, kwenye magrupu ya viwanja, hata kijiweni. Hayajapangwa kwa umuhimu, ruka unapotaka. Mengine nimejibu kwa kirefu maana yanagusa hela, mengine mistari miwili inatosha.

Kwani futi ni mguu wa nani hasa?

Wa hakuna mtu. Ile stori kwamba ni mguu wa mfalme fulani wa Uingereza imesambaa sana ila haina kichwa wala miguu. Mguu umetumika kama kipimo tangu enzi za Warumi na kila nchi ilikuwa na futi yake, wakati mwingine kila mji. Futi ya Ufaransa ilikuwa sentimita 32.48 na ya Uingereza sentimita 30.48, yani ya Ufaransa imezidi kwa sentimita mbili, sio kitu kidogo ukiwa unajenga.

Na ndo maana Napoleon mpaka leo watu wanamcheka kwamba alikuwa kibete. Waliandika ana futi 5 na inchi 2, lakini hizo zilikuwa futi za Kifaransa, ukigeuza unapata kama mita 1.68 au 1.69 hivi, mtu wa kawaida kabisa kwa wanaume wa Ufaransa wa wakati ule. Waingereza wakasoma ile namba kwa futi zao, na walivyokuwa maadui zake nani angehangaika kurekebisha.

Na inchi je?

Punje tatu za shayiri, kavu, zimepangwa mkia kwa kichwa. Sio utani, ndivyo sheria ya zamani ya Uingereza ilivyosema. Na punje haijafa bado, iko miguuni kwako: saizi za viatu za Uingereza zinapanda kwa punje moja moja, yani theluthi ya inchi, kama milimita 8.5. Saizi za Ulaya, hizi za 40, 41, 42, zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Ndo maana ukienda mtumbani ukakuta kiatu kimeandikwa 8 na 42 hapo hapo, halafu kingine 8 na 42.5, wala hakuna aliyekosea, ni ngazi mbili ambazo vipandio vyake havilingani.

Inchi ya leo haina shayiri tena. Tangu tarehe 1 Julai 1959 Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini walikubaliana inchi ni milimita 25.4 kamili, haizidi haipungui. Kwa hiyo inchi yenyewe sasa hivi ni mtoto wa mita, anatumia tu jina la ukoo wa zamani.

Pwani ya kwetu walikuwa wanapima na nini kabla ya futi za wazungu?

Mkono, na mkono una mambo mengi kuliko unavyodhani. Kuna shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho umetanua kiganja. Kuna morita, fupi kidogo, gumba mpaka kidole cha shahada. Halafu dhiraa, au mkono wenyewe, kutoka kwenye kiwiko. Sasa hapa ndo biashara inapoanza, maana kulikuwa na dhiraa mbili: dhiraa kamili inaishia ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde umekunja ngumi inaishia kwenye vifundo vya vidole. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa. Tofauti ni urefu wa vidole vyako karibu vyote, na kwenye kitambaa cha mikono 8 hiyo tofauti ni nguo ya mtoto.

Mikono miwili ni wari, karibu na yadi. Mikono minne ni pima, umenyoosha mikono yote miwili kulia na kushoto, na mabaharia walitumia pima kupimia kina cha maji. Wazungu nao wana kipimo hicho hicho cha futi 6 kwa kina cha bahari na chanzo ni kile kile, baharia anavuta kamba yenye uzito wa risasi kutoka majini huku anaitanua kifuani, kila mtanuo pima moja. Hakuna aliyemuiga mwenzake, kamba mbichi gizani unaipima na nini kingine?

Kwenye nguo mikono 4 ilikuwa shuka, shuka mbili ni doti, yani yadi 4 hivi, na gombo zima ni jora. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inahesabu gharama za safari kwa doti. Mtemi anadai hongo ya kupita kwenye nchi yake, hongo inatajwa kwa doti. Chakula cha wapagazi, doti. Kitambaa chenyewe mara nyingi ni merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Marekani. Kwa hiyo kile kipimo cha urefu kilikuwa ni pesa pia, na mnaweza kuelewa kwa nini watu walibishana sana kuhusu mkono wa nani unapima. Leo doti imebaki kwenye khanga, na ukiuliza dukani wengi watakwambia doti ni vipande viwili tu, habari za urefu zimeshasahaulika.

Sasa kama kila mtu ana mkono wake, wateja hawakuwa wanapigwa?

Walikuwa wanapigwa sana tu. Sio huku peke yake. Pale Vienna kwenye ukuta wa kanisa kuu la Stephansdom, pembeni ya mlango mkubwa, mpaka leo kuna vyuma viwili vimepigiliwa, viwili vyenye urefu tofauti, kimoja cha kitani kingine cha nguo za aina nyingine. Mnunuzi akihisi kaibiwa anaenda kupima pale. Paris nayo baada ya mapinduzi waliweka mita za marumaru barabarani ili watu wazoee kipimo kipya, na moja bado iko mahali pake pa zamani kwenye ukuta wa rue de Vaugirard namba 36, unaweza kwenda kuigusa.

Maili moja ni futi 5,280. Nani alichagua namba mbaya hivi?

Hakuna aliyeichagua, ilitokea kwa kuogopa kesi za ardhi. Kaa nami kidogo.

Maili ya Warumi ilikuwa safi: hatua elfu moja za askari, ila hatua kwao ni mguu wa kushoto ukigusa chini mpaka uguse tena, kwa hiyo ni hatua zetu mbili. Hatua moja futi 5 za kwao, maili futi 5,000, karibu mita 1,480. Hesabu inaingia kichwani hata kwa mtoto.

Shida Waingereza walikuwa na kipimo kingine cha shamba ambacho hakina uhusiano wowote na Warumi, falongi, urefu ambao maksai wanaweza kuvuta plau kabla hujawapumzisha na kuwageuza. Kugeuza plau yenye maksai wanane ni shughuli, ndo maana mashamba yao yalikuwa marefu na membamba. Falongi ilikuwa futi 660 na hati zote za mashamba, kodi zote, mipaka yote ilikuwa imeandikwa kwa hiyo. Ukitaka falongi 8 ziingie kwenye maili ya futi 5,000 lazima ufupishe falongi, na ukifupisha falongi kila mwenye shamba nchi nzima ataamka anaambiwa ukubwa wa shamba lake umebadilika kwenye karatasi. Nani atathubutu? Wakaona bora maili ndo irefuke. 8 mara 660, unapata 5,280, ikawa sheria mwaka 1593 enzi za malkia Elizabeth wa Kwanza.

Na kinachochekesha zaidi, sheria yenyewe haikuwa ya vipimo. Ilikuwa sheria ya kuzuia watu wasijenge hovyo ndani ya maili 3 kutoka London, sasa ili kuzuia ujenzi ndani ya maili 3 lazima useme maili ni nini, ndo wakachomeka tafsiri humo. Jirani zao Waireland waliendelea na maili yao ya yadi 2,240, zaidi ya kilomita 2, kwa miaka mingi tu baada ya hapo.

Ekari moja ni hatua 70 kwa 70 au mita 70 kwa 70?

Hili ndo swali la hela kwa hiyo nitalijibu taratibu. Jibu fupi ni kwamba 70 kwa 70 inakuwa sawa ukipima kwa YADI, basi.

Ekari ilikuwa eneo la kulima kwa siku moja na hao maksai, falongi moja urefu na cheni moja upana. Cheni ni futi 66, kuna Mwingereza anaitwa Edmund Gunter mwaka 1620 alitengeneza mnyororo kabisa wa chuma wa urefu huo wenye pingili 100 na wapima ardhi wakautumia miaka zaidi ya mia mbili. Yadi 220 mara yadi 22 ni yadi za mraba 4,840. Sasa ukitaka shamba la mraba lenye eneo hilo, kila upande ni yadi 69 na nusu na kitu, watu wakasema aah 70. Hapo ni sahihi kabisa kwa matumizi ya shamba, unazidisha kidogo sana.

Tatizo linaanza pale mtu anapotoa yadi anaweka neno jingine. Akiweka mita, 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ni mita za mraba 4,047. Umepewa asilimia 21 zaidi, muuzaji kaumia yeye. Ekari ya mraba kwa mita ni kama 63.6 kwa 63.6, ishike hiyo. Akiweka hatua, inategemea hatua ya nani. Hatua ndefu ya mtu anayejinyoosha kwa makusudi inakaribia yadi, lakini mtu anayetembea kawaida ni kama sentimita 75, na 70 kwa 70 za hivyo ni mita za mraba 2,756, yani huna ekari, una theluthi mbili ya ekari na umelipa ekari nzima. Na sijawahi kuona dalali anayeuza akijinyoosha. Angalia miguu yake akianza kuhesabu, utaona zile hatua za kwanza mbele yako ni ndefu, akifika 30 huko kwenye majani zinakuwa za mtu anaenda sokoni.

Nenda na tepu ya mita 50, au tembea na GPS ya simu ila ujue simu inaweza kukosea mita kadhaa kila kona, na kwenye kiwanja kidogo mita kadhaa ni nyingi.

Na kule Kenya ile ploti ya 50 kwa 100 ni sawa na moja ya nane ya ekari?

Sio sawa ingawa matangazo mengi yanachanganya. 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari ni futi za mraba 43,560, gawa kwa 8 unapata 5,445. Zinakosekana futi za mraba 445, kama mita za mraba 41, hicho ni chumba cha kulala, sebule na choo. Sehemu nyingine inaenda kwenye barabara za kuingilia, inaeleweka, lakini basi waseme 50 kwa 100 na sio moja ya nane.

Mita nani alikaa akaamua iwe hivi?

Wafaransa, wakati wa mapinduzi. Wazo lilikuwa zuri: tusitumie mwili wa mfalme yeyote, tutumie dunia yenyewe maana ni ya wote. Mwaka 1791 wakasema mita ni sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka ncha ya kaskazini mpaka ikweta kupitia Paris. Kupitia Paris bila shaka, wangepitisha wapi.

Kazi wakapewa wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, wapime kipande cha kutoka Dunkirk mpaka Barcelona kisha wakokotoe kilichobaki. Walianza mwaka 1792, walitegemea itachukua muda mfupi, ikachukua miaka karibu 7. Fikiria wewe uko juu ya mnara wa kanisa na mitambo ya lenzi, unatundika vitambaa vyeupe vya alama, nchi iko kwenye mapinduzi, na nyeupe ni rangi ya wafuasi wa mfalme. Walikamatwa kama majasusi, minara waliyoitegemea ikavunjwa, halafu Ufaransa na Hispania wakaingia vitani huku Méchain yuko Barcelona.

Méchain alipopima latitudo ya Barcelona mara mbili kutoka sehemu mbili za karibu, majibu hayakukubaliana. Akaficha. Ilimtafuna mpaka akarudi Hispania kupima tena na akafia huko kwa homa mwaka 1804. Kinachouma ni kwamba kosa kubwa la mita halikuwa lake, lilitokana na jinsi walivyokadiria dunia ilivyobonyea kwenye ncha. Mita ikatoka fupi kwa kama milimita 0.2, ndo maana kutoka ncha mpaka ikweta sio kilomita 10,000 kamili bali kama 10,002.

Na Wafaransa wenyewe hawakuipenda mwanzoni. Napoleon mwaka 1812 aliruhusu vipimo vya zamani virudi madukani kwa sura mpya, na mita ikaja kuwa lazima tena kuanzia 1840.

Kwa hiyo mita ya leo bado ni fupi?

Ni fupi vile vile ila hakuna anayejali, maana haipimwi tena kwa dunia. Walitengeneza kipande cha chuma cha platini, mwaka 1799, wakasema hiki ndo mita. Mwaka 1889 kikaja kingine cha platini na iridi, kinatunzwa Sèvres karibu na Paris. Mwaka 1960 wakahamia kwenye mwanga wa gesi ya kriptoni, na tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga unasafiri ndani ya sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Hiyo namba ya ajabu imewekwa hivyo kwa makusudi ili mita mpya isitofautiane na ile ya zamani, maana rula, mashine na ramani zilikuwa zimeshajaa duniani.

Maili ya baharini mbona ni tofauti na ya barabarani?

Sababu ya ramani. Dunia ukiigawa kwa nyuzi 360 na kila nyuzi dakika 60, dakika moja ya latitudo juu ya bahari ni maili moja ya baharini. Nahodha anapima na bikari pembeni ya ramani na hesabu imeisha. Kwa kuwa dunia sio duara safi dakika hailingani kila mahali, kwa hiyo mwaka 1929 kwenye mkutano wa Monaco wakafunga mjadala: mita 1,852. Waingereza walibaki na yao ya futi 6,080 ambayo imezidi kwa kama mita 1 na sentimita 18, kwa ubishi tu.

Noti, ile spidi ya meli, ni fundo za kweli kwenye kamba. Unatupa kipande cha ubao majini kikae pale pale, kamba inachoropoka, unahesabu fundo zinazopita mkononi huku mwenzako ameshika kijichupa cha mchanga cha sekunde 28. Fundo zilikaa kila futi 47 na inchi 3, na ukipiga hesabu fundo moja inatoka maili moja ya baharini kwa saa. Ndege zinatumia noti hizo hizo, na urefu wa kwenda juu zinatumia futi, kwa hiyo rubani anayepita karibu na Kilimanjaro anafikiria futi 19,341 na sio mita 5,895.

Maji ya nchi ni maili 12 za baharini, kilomita 22 na kidogo, na ukanda wa uchumi ni maili 200, kilomita 370. Zamani ilikuwa maili 3 tu, kisa inasemwa ndo mzinga wa pwani ulipofikia.

Bomba la nusu inchi mbona nikipima sio nusu inchi?

Nusu inchi ni milimita 12.7. Bomba la chuma linaloitwa nusu inchi lina milimita 21.3 nje na kama 16 ndani. Hakuna 12.7 popote! Zamani kuta za bomba zilikuwa nene na ndani kweli palikuwa karibu nusu inchi, chuma kikaboreka kuta zikawa nyembamba, lakini nje hawakugusa maana uzi wa kufungia usingeingia kwenye koki na elbo zilizoshafungwa. Jina likabaki. Halafu ukienda kununua la plastiki la PPR unaambiwa hili la milimita 20 ndo nusu inchi. Mpe fundi aende mwenyewe.

Na tairi? 195/65 R15 ni nini hii?

Ni vipimo vya mifumo miwili kwenye mpira mmoja. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia, urefu wa ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya huo upana, kama milimita 127. 15 ni inchi, rimu. Na haitabadilika leo wala kesho kwa sababu karibu rimu zote za dunia zimekatwa kwa inchi.

TV nayo ni inchi za kona kwa kona, kwa sababu zamani kioo kilikuwa bomba la mduara na walitaja kipenyo chake. Kumbuka tu eneo linakua haraka, inchi 65 sio mara mbili ya 32, ni mara nne na kidogo.

Gari ya Uingereza imeandikwa 60,000, ni kilomita?

Maili. Hizo ni kilomita karibu 96,500. Gari za Japan dashibodi zao ni kilomita. Uliza kabla hujalipa, na angalia kama dashibodi haijabadilishwa katikati ya maisha ya gari, hapo unakuwa na maili zimechanganyika na kilomita na hata fundi hawezi kukwambia.

Marathoni kwa nini kilomita 42.195 na sio 42?

Olimpiki ya London 1908. Walianzia kasri la Windsor na kumalizia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme uwanjani, ikatoka maili 26 na yadi 385, na mwaka 1921 ndo ikafanywa rasmi. Mbio za kabla ya hapo kila moja ilikuwa na urefu wake.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba njia inapimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya tairi, mpimaji anakata kona kwa njia fupi kabisa anayoweza kupita mkimbiaji, halafu wanaongeza moja ya elfu ili isije ikawa fupi na rekodi ikafutwa. Moja ya elfu ya marathoni ni mita 42. Kwa hiyo Kelvin Kiptum alivyokimbia 2:00:35 pale Chicago Oktoba 2023, yaelekea miguu yake ilienda zaidi ya 42.195.

Maili nayo haijafa kwenye riadha. Kati ya mbio zote za vipimo visivyo vya mita ndo pekee yenye rekodi ya dunia inayotambuliwa mpaka leo, na Filbert Bayi wetu aliishika mwaka 1975 kwa dakika 3 na sekunde 51.0 huko Kingston, Jamaica. Ya wanawake anayo Faith Kipyegon, 4:07.64, Monaco 2023.

Farsakh ni kilomita ngapi? Nataka kujua kuhusu kupunguza sala safarini.

Farsakh ni ya Waajemi, umbali wa msafara kwenda kama saa moja, zaidi kidogo ya kilomita 5 mpaka 6. Maili 3 za Kiarabu ni farsakh 1, farsakh 4 ni barid 1, kituo kwa kituo cha wapeleka barua. Vitabu vya fiqhi vinavyosomwa pwani vinataja barid 4, yani farsakh 16, yani maili 48. Hizo maili sio za Waingereza, na wanazuoni wakigeuza kwa kilomita wengi wanaangukia kati ya 80 na 90. Kwa hiyo Dar mpaka Bagamoyo haifiki, Dar mpaka Morogoro imepita. Wengine wana msimamo tofauti kabisa kuhusu umbali, muulize sheikh wako, mimi nimejibu ya vipimo tu.

Kwa nini treni ya TAZARA haiwezi kupita kwenye reli ya kati?

Geji. Reli ya kati waliyojenga Wajerumani ni mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma, sawa na ile ya Mombasa kwenda Uganda. TAZARA ni milimita 1,067, ambayo ni futi 3 na inchi 6. Wachina waliijenga miaka ya 1970 hapa na Zambia na tayari wao ni watu wa mita, lakini reli za Zambia na kusini kote zilikuwa geji hiyo tangu mkoloni, ungefanyaje. Tofauti ni sentimita 6.7, na kwa sentimita 6.7 mzigo unashushwa na kupakiwa upya Kidatu. SGR nayo ni 1,435, hizo ni futi 4 na inchi 8 na nusu za George Stephenson wa Uingereza.

Mbona tuna Maili Moja, Mailisita, Maili Tatu wakati nchi inatumia kilomita?

Majina yalishaganda. Maili Moja iko Kibaha, Mailisita iko njia ya Moshi, Kenya nako zipo za kutosha. Uganda imeenda mbali zaidi, kuna aina nzima ya umiliki wa ardhi inaitwa mailo, kwa sababu mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, kila moja ekari 640, na mpaka sasa kesi zake zipo mahakamani. Pwani ya Kenya wazee bado wanaongelea mwambao wa maili kumi, ule ukanda wa Sultani wa Zanzibar uliochorwa 1886.

Kipimo cha ajabu kuliko vyote?

Kura yangu ni Smoot. Mwaka 1958 wanafunzi wa chuo cha MIT Marekani walimlaza mwenzao Oliver Smoot, mita 1.70, kwenye daraja la Harvard, wanapiga alama kichwani, anainuka analala tena, mpaka mwisho. Daraja likatoka Smoot 364.4 na sikio moja. Alama zinapakwa rangi upya mpaka leo. Na huyo Smoot baadaye alikuja kuongoza ANSI, shirika la viwango la Marekani, halafu ISO la dunia nzima, sijui kama wanafunzi wangeweza kupanga hilo.

Wafini nao wana poronkusema, umbali ambao kulungu wao wa barafuni anaweza kwenda kabla hajasimama kukojoa, inasemwa kama kilomita 7 na nusu. Na ukiwa na ndugu Sweden akikwambia anakaa mil 3 kutoka mjini usianze kuvaa raba, mil yao ni kilomita 10.

Mwaka wa nuru ni muda au umbali?

Umbali. Kama kilomita trilioni 9.46. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua iko miaka ya nuru 4.24.

Marekani kwa nini hawahamii kwenye mita?

Kisheria walishahama siku nyingi, tangu 1893 yadi yao inatafsiriwa kwa mita. Wanachobaki nacho ni matumizi. Hata bahati ilikuwa mbaya, mwaka 1794 Mfaransa Joseph Dombey alikuwa anawapelekea mfano wa mita na wa kilo, meli ikapelekwa na dhoruba Caribbean, akakamatwa na maharamia wa Kiingereza akafia Montserrat. Na walikuwa na futi MBILI mpaka mwisho wa 2022, ya kawaida na ya wapima ardhi, zinatofautiana sehemu 2 kwa milioni, kama milimita 3 kwa maili. Haionekani kwa macho ila kwenye ramani ya jimbo zima daraja linaweza kukaa pembeni ya nguzo zake.

Nikitaka kugeuza maili kuwa kilomita kichwani bila simu?

Panga hizi: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Ukiwa na maili, kilomita ni namba inayofuata. Maili 5 ni kilomita 8, maili 8 ni 13, maili 34 ni 55. Kinyume chake rudi nyuma moja. Kama namba haipo ivunje, maili 60 ni 55 na 5, kwa hiyo 89 na 8, unapata 97, jibu kamili ni 96.6. Usianzie kwenye 1 na 2 tu, hapo inakosea sana, kuanzia 5 kwenda juu ndo inakaa.